Homa Isiyojulikana Chanzo

Kati ya Aprili na Desemba 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 waliopelekwa kliniki za wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara wakiwa na homa. Hawakuishia kwenye kipimo cha malaria. Waliotesha damu, wakapima mkojo, wakachukua ute wa puani kusaka virusi, na mtoto aliyehitaji picha ya kifua alipigwa picha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine, na kwa watu waliozoea kuichukulia kila homa ya mtoto kuwa malaria yalikuwa habari mpya: asilimia 62 ya watoto walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Wenye malaria walikuwa kiasi cha mmoja katika kila kumi.

Huko Moshi, katika kipindi kinachokaribiana na hicho, watafiti wengine waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa hospitali kwa homa. Madaktari wa zamu waliandika malaria kwa wagonjwa 528. Vipimo vya kina vilipokamilika, malaria ilionekana kuwa ndiyo hasa iliyowalaza wagonjwa 14. Miongoni mwa waliobaki walikuwamo wenye bakteria kwenye damu, leptospirosisi, homa ya Q, chikungunya na maradhi mengine ambayo aliyewapokea hakuwa na namna ya kuyapima.

Habari kama hizi husimuliwa kama hadithi ya madaktari waliokosea, na kwa sehemu ni kweli. Lakini zina upande wa pili ambao husahaulika. Mtoa huduma anapomaliza na mgonjwa, lazima aandike kitu. Sehemu ya kuandikia ni nyembamba, foleni ni ndefu, na orodha ya majina yanayokubalika imeshapangwa na mtu mwingine, mahali pengine, kwa kazi nyingine. Neno likishaandikwa huondoka pale zahanati. Huingia kwenye majumuisho ya mwezi, hupanda wilayani, hufika wizarani, hutokea kwenye ripoti za kimataifa, kisha hurudi chini kwa sura ya maboksi ya dawa, semina za mafunzo na bajeti. Kama neno lilikuwa malaria, kinachorudi ni dawa mseto. Homa ya Q haina boksi linalorudi, kwa kuwa hakuna aliyeiandika.

Ndiyo maana suala la istilahi za kitabibu na misimbo yake, ambalo likitajwa kwenye mkutano nusu ya ukumbi huanza kuchezea simu, linastahili kuangaliwa na watu walio nje ya ofisi za takwimu.

Orodha kuu ya magonjwa duniani ilianzia kwa maiti. Mwaka 1662 mfanyabiashara wa London, John Graunt, alichapisha uchambuzi wake wa taarifa za vifo za parokia za mji huo, ambazo zilitegemea wanawake wazee waliotumwa kuangalia maiti na kusema kilichoua. Karibu karne mbili baadaye William Farr, mtakwimu wa ofisi ya usajili ya Uingereza, alilalamika kwamba ugonjwa mmoja huitwa kwa majina matatu au manne na jina moja hubeba magonjwa kadhaa. Mwaka 1855, mjini Paris, orodha yake iliunganishwa na ya Mswisi Marc d'Espine. Mwaka 1893, Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha mpya mjini Chicago, na hiyo ndiyo iliyokua ikawa ICD, yaani uainishaji wa kimataifa wa magonjwa. Kwa miaka 55 ya kwanza ilihusu sababu za vifo peke yake. Magonjwa ya watu walio hai yaliingizwa rasmi katika toleo la sita la mwaka 1948, Shirika la Afya Duniani lilipokabidhiwa kazi hiyo.

Asili hiyo bado inaonekana. Kwa marehemu, kwa kiasi kikubwa mambo yamekwisha: kuna sababu, na kazi ni kuitafuta. Kwa mgonjwa aliyelazwa hospitali kubwa, kuna maabara, kuna siku tatu za kumwangalia, kuna daktari bingwa wa kuulizwa. Zahanati haina anasa hiyo. Anayefika pale ana kichwa kinachomgonga tangu juzi, tumbo linalomsokota, uchovu asiouelewa, au mtoto asiyetaka kunyonya. Wengi watapona kabla ugonjwa haujapata jina. Wachache wana jambo zito lililo mwanzoni kabisa, lisiloweza kutofautishwa na mafua. Huduma ya afya ya msingi inaishi katika dalili na mashaka, na orodha iliyoanzia kwenye vyeti vya vifo haikujengwa kwa ajili ya mashaka.

Wa kwanza kulifanyia kazi hili kwa ukamilifu walikuwa madaktari wa familia wenyewe. Mwaka wa mkutano wa Alma-Ata kuhusu huduma ya afya ya msingi, 1978, kikosi kazi kilichoitishwa na Shirika la Afya Duniani kilianza kutengeneza orodha ya aina tofauti: badala ya kuuliza mgonjwa ana ugonjwa gani, iliuliza kwa nini amekuja leo. Orodha hiyo ilijaribiwa mwaka 1983 katika nchi tisa, zikiwamo Barbados, Brazil, Malaysia, Norway na Ufilipino. Bara la Afrika halikuwamo. Kutokana na kazi hiyo, Henk Lamberts wa Uholanzi na Maurice Wood wa Marekani wakawa miongoni mwa waasisi wa ICPC, uainishaji wa kimataifa wa huduma ya msingi, uliochapishwa mwaka 1987 kwa jina la WONCA, shirika la madaktari wa familia duniani.

ICPC ni ndogo kwa makusudi. Ina sura 17, kila moja ikiwa na herufi yake, na jumla ya misimbo karibu 700, idadi inayoweza kubanwa kwenye karatasi moja ya pande mbili na kubandikwa ukutani. Kila sura imegawanywa vilevile: namba za mwanzo, 01 hadi 29, ni za malalamiko na dalili, za katikati ni za vipimo, dawa na rufaa, za mwisho, 70 hadi 99, ni za magonjwa. Homa ni A03. Kikohozi ni R05. Malaria ni A73. Presha isiyo na madhara mengine ni K86.

Chukua mtoto wa miaka mitatu aliyeletwa na bibi yake kwa homa na kikohozi cha siku mbili. Kipimo cha haraka cha malaria hakioni kitu, kifua hakivutiki ndani, anapumua kawaida, anakunywa uji. Kwa ICPC, tabibu anaandika A03 na R05 kama sababu ya kuja, kisha R74, maambukizi ya sehemu ya juu ya njia ya hewa, kama alivyohitimisha mwenyewe. Mtoto akirudi baada ya siku nne, homa ikiwa imepanda na anahema kwa kasi, hitimisho linabadilika kuwa R81, nimonia, na sura yote ya ugonjwa inabaki kwenye kumbukumbu: alianza vipi, alifikiriwa nini, akaishia wapi. Kwa ICD-10 mtoto huyohuyo angeandikwa J06.9, na bibi na maneno yake wangepotea. Si kwamba ICD haina misimbo ya dalili. Inayo, sura nzima ya herufi R, ila aliyezoea hospitali huona kuitumia ni sawa na kukiri ameshindwa.

Kuna jambo jingine ndani ya ICPC linalofaa kutazamwa kwa karibu, nalo ni sura ya Z, ya matatizo ya kijamii. Z01 ni umaskini au shida ya fedha. Z02 ni shida ya chakula au maji. Z12 ni matatizo na mwenza. Kwa mtoa huduma wa Temeke au Kibera hizi ni sababu za kila siku za watu kuja na maumivu ya kichwa yasiyokwisha, moyo kwenda mbio na usingizi kukatika. ICD nayo ina misimbo ya umaskini, lakini imewekwa mwisho wa kitabu, na anayeifikia ni nadra.

ICPC si dawa ya kila kitu. Malaria nzima imefungwa kwenye A73 moja, bila kutenganisha iliyothibitishwa kwa kipimo na iliyokisiwa. ICD-10 inatenganisha: B50 ni ya falsiparamu, na B54 inabeba malaria iliyohukumiwa kwa dalili bila kipimo. Katika nchi ambako malaria ndiyo inayoongoza mazungumzo yote ya afya, tofauti hiyo ina thamani kubwa kuliko sura nyingi za vitabu vyote viwili, na kwa hoja hiyo wanaoipigania ICPC bila masharti wanapaswa kutulia kidogo.

Uingereza ilipita njia ya tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 James Read, daktari wa familia katika mji wa Loughborough, alitaka kompyuta yake ndogo imsaidie kazi. Kumbukumbu ya mashine za wakati ule ilikuwa finyu, kwa hiyo kila jambo alilipa alama fupi, kwanza nne, baadaye tano, na kila alama iliyoongezwa ilisogea kutoka jumla kwenda undani. H ilikuwa njia ya hewa, H33 pumu. Hakuandika magonjwa tu. Aliandika kazi ya mgonjwa, uvutaji sigara, chanjo, dawa, vipimo, barua zilizotumwa. Daktari mwenzake angeweza kuandika mazungumzo mazima ya chumba cha matibabu kwa alama hizo. Serikali ilinunua haki za alama hizo mwaka 1990, nazo zikaenea karibu kliniki zote za madaktari wa familia. Baadaye ziliunganishwa na orodha ya wanapatholojia wa Marekani, na mwaka 2002 ikazaliwa SNOMED CT, istilahi yenye dhana zaidi ya 350,000 ambamo homa ni 386661006. Kliniki za England zilianza kuhamia huko mwaka 2018.

Ni rahisi kucheka namba ya tarakimu tisa kwa ajili ya homa, lakini faida ilionekana mwaka 2020. Uviko ulipofika, Uingereza ilitumia misimbo iliyorundikana kwa miaka mingi kuandaa orodha ya watu walio hatarini zaidi na kuwaandikia barua wajifungie ndani. Miezi michache baadaye mradi wa OpenSAFELY ulichambua kumbukumbu za watu wazima zaidi ya milioni 17 na kuonyesha nani anakufa zaidi, kwa umri, kwa ugonjwa, kwa rangi na kwa kiwango cha umaskini. Hakuna aliyekusanya takwimu upya. Madaktari na wauguzi walikuwa wameshaziandika, mgonjwa mmoja mmoja, kwa sababu zao wenyewe za kazi.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo: Read alitengeneza orodha ya kumsaidia aliyekaa mbele ya mgonjwa, na takwimu za taifa zikafuata nyuma. Afrika Mashariki mambo yalikwenda kinyume. Takwimu za taifa zilitangulia, na aliyekaa mbele ya mgonjwa akapewa kazi ya kuzijaza.

Tanzania ilianzisha MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, katika miaka ya 1990, na vitabu vyake vinajulikana kwa namba kuliko kwa jina. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha wazazi wanaojifungua. Muuguzi anayeandika kitabu namba 5 anajaza jina, umri, jinsia, mtaa, utambuzi wa ugonjwa na dawa. Mwisho wa mwezi mtu mmoja, mara nyingi yuleyule anayetibu, hukaa na fomu ya majumuisho na kuhesabu kwa vijiti: malaria iliyothibitishwa kwa darubini, iliyothibitishwa kwa kipimo cha haraka, isiyopimwa, nimonia kali na isiyo kali, kuhara kwa kupungukiwa maji na bila kupungukiwa, kila moja kwa kundi la umri na kwa jinsia. Lisilo na mstari wake linakwenda kwenye magonjwa mengine.

Orodha hiyo ya MTUHA, isemwe bila kuonewa haya, ina akili. Imejengwa na watu waliojua zahanati inaweza kupima nini na haiwezi nini. Kugawa malaria kwa namna ilivyothibitishwa kuliipa wizara jicho la kuona kama kipimo cha haraka kinatumika kweli, hasa baada ya Shirika la Afya Duniani kutaka mwaka 2010 kila mshukiwa wa malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Nimonia kali na isiyo kali inafuata mwongozo uleule wa matibabu ya watoto ambao tabibu amefundishwa. Udhaifu wake uko kwingine: mgonjwa anahesabiwa mara moja, kwa jina moja la ugonjwa, kisha kumbukumbu inafungwa. Bibi na mjukuu wake wakirudi baada ya siku nne watakuwa mstari mpya kwenye ukurasa mwingine. Hakuna kinachoonyesha kwamba mafua ya Jumatatu ndiyo nimonia ya Ijumaa.

Kompyuta zilipokuja zilifika kwanza ngazi za juu. DHIS2, programu iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo kutokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi, ilienea Kenya nzima mtandaoni mwaka 2011, na Tanzania ikafuata kufikia 2013. Leo afisa wa wilaya anaweza kufungua chati ya kuhara ya mwezi uliopita kabla chai haijapoa. Ni hatua kubwa. Hata hivyo DHIS2, kama ilivyotumika kwa kazi hiyo, inapokea majumuisho. Tarakimu zinazometameta kwenye kioo cha wilayani zilianza kama vijiti vya kalamu ya wino kijijini, vikahesabiwa usiku na mtu aliyechoka.

Miradi maalumu ilizidisha mzigo. Mjamzito anayeishi na VVU ana mstari wake kwenye kitabu cha wajawazito, ana kadi ya kliniki ya tiba na matunzo, na akiwa na kifua kikuu kuna rejesta ya tatu inayomsubiri. Kila mfadhili alitaka hesabu yake kwa maneno yake. Muuguzi mmoja, mgonjwa mmoja, majina matatu ya mambo yaleyale.

Kenya, hata hivyo, ina historia ya njia nyingine, na haijasimuliwa vya kutosha kwa Kiswahili. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot huko Nandi, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianzisha mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa nje kwenye kompyuta. Mgonjwa alibeba karatasi yake kutoka dirisha hadi dirisha, na taarifa zikaingizwa kwenye mashine njiani. Watafiti walishika saa kabla na baada. Muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, muda wa kungoja kwa asilimia 38. Muda aliokaa na mtoa huduma ulipungua pia, kwa asilimia 58, na hapo shangwe inapaswa kupoa kidogo: haijulikani kama aliyekaa nusu ya muda alisikilizwa nusu, au aliokolewa na makaratasi.

Kutokana na uzoefu wa Mosoriot, na wa kliniki za VVU zilizofuata Eldoret, ilizaliwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria inayotumika sasa katika nchi nyingi. Uti wake wa mgongo ni kamusi ya dhana. Homa ni dhana moja yenye namba yake ya ndani; inaweza kuwa na majina kwa Kiingereza, Kiswahili, Kifaransa au Kinyarwanda, na nyuma yake kuna viunganishi vya kwenda ICD, SNOMED na kwingineko. Tabibu anachagua neno analolitumia kazini. Mashine inashughulika na namba. Kamusi inayotumika zaidi, iitwayo CIEL, ilianza kwa kuunganisha maneno ya miradi kama ule wa Eldoret na ya shirika la Partners In Health, na imesimamiwa na Andrew Kanter wa Chuo Kikuu cha Columbia. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vya VVU vya Kenya, imejengwa juu ya OpenMRS.

Mpangilio huu unatenganisha kazi mbili ambazo kwa karne nzima zilifungwa pamoja. Istilahi ni ya kueleza: inapaswa kuwa pana, yenye maneno ya watu, inayoruhusu mashaka. Uainishaji ni wa kuhesabu: unapaswa kuwa na masanduku machache yasiyoingiliana. Anayemlazimisha tabibu kueleza kwa masanduku ya kuhesabia anapata maelezo duni na, mara nyingi, hesabu mbovu pia.

Sasa kuna mwingine aliyeingia chumbani, naye ana pesa. Mwaka 2023 Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na Oktoba ya mwaka huohuo Kenya ikasaini sheria nne kwa mpigo, zikiwamo ya huduma ya afya ya msingi, ya afya ya kidijitali na ya bima ya afya ya jamii. Bima hulipa kwa kuangalia fomu, na fomu inataka utambuzi unaoendana na dawa iliyotolewa. Neno la kwenye rejesta, ambalo zamani lilimgharimu tabibu muda tu, sasa linakuwa fedha ya kituo.

Kwingine walishaonja. Marekani, ambako bima ndiyo inayoendesha misimbo, ilianza kutumia toleo lake la ICD-10 tarehe 1 Oktoba 2015 likiwa na misimbo karibu 68,000, ikiwamo W61.62 kwa aliyegongwa na bata. Mfano huo huchekesha, lakini bata hana hatia: kwa sehemu undani wa namna hiyo ulikuzwa na hitaji la kubishania malipo, si hitaji la kutibu peke yake. Uingereza ilianza mwaka 2004 kuwalipa madaktari wa familia kwa kufikia viwango vya ubora vinavyosomwa kutoka kwenye misimbo yao. Katika kumbukumbu za huko, utambuzi mpya wa sonona ulishuka kati ya 1996 na 2006 kutoka 22.5 hadi 14 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, huku misimbo ya dalili zake, kama huzuni, ikipanda kutoka 5.1 hadi 15.5. Mwelekeo ulikuwa umeanza kabla ya malipo, kwa hiyo fedha haiwezi kubeba lawama yote. Madaktari walikuwa na sababu nyingine za kusitasita kumbandika mtu jina zito. Lakini mwaka 2006 kila utambuzi mpya wa sonona ulianza kudai dodoso la kupima ukali wake, na msimbo wa huzuni haukudai chochote. Mtu hahitaji kuwa mwizi ili achague mlango usio na bawabu.

Mantiki hiyo ikihamia kwetu, si vigumu kuona mteremko ulipo. Kama antibayotiki inalipwa kwa nimonia na hailipwi kwa mafua, nimonia zitaongezeka. Kama homa isiyojulikana chanzo inarudishwa na mkaguzi kwa madai kwamba si ugonjwa, itatoweka kwenye rejesta, na mahali pake patajaa UTI na taifodi. Watoa huduma wanaojua kwamba kipimo cha Widal peke yake hakitoshi kumwambia mtu ana taifodi wataandika taifodi, kwa kuwa mgonjwa ana homa kweli, dawa imetoka kweli, na kituo kinahitaji kulipwa. Kisha takwimu za taifa zitaonyesha mlipuko ambao ulitokea kwenye fomu.

ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, inaleta nafuu kiasi. Ina misimbo takriban 17,000, imejengwa kwa ajili ya kompyuta, na inaruhusu kuunganisha misimbo kueleza jambo moja kwa undani. Homa isiyo na chanzo kinachojulikana ina nafasi yake, MG26, sawasawa na ugonjwa wowote. Ina hata sura ya tiba asilia, iliyoanza na mifumo yenye asili ya China ya kale. Tiba za asili za Afrika hazimo humo, ingawa wagonjwa wengi hupitia kwa mganga wa jadi kabla ya kufika zahanati, na tabibu angependa kujua walipewa nini.

Kwa hiyo uchaguzi wa kitabu, kati ya ICD-11, ICPC-3 na SNOMED, una uzito mdogo kuliko wataalamu wa mikutano wanavyouchukulia. Vyote vinaweza kuunganishwa nyuma ya pazia. Swali zito zaidi ni tabibu anapata nini kwa kuandika ukweli. Katika utafiti wa huduma za msingi Afrika Kusini, uliotumia ICPC-2 kwenye ziara 18,856, wauguzi ndio walioona asilimia 86 ya wagonjwa. Watu hao hao, wa huko na wa huku, hawatadumu kuandika kwa uangalifu kwa ajili ya chati ambayo hawataiona.

Mfano mmoja wa karibuni unaonyesha malipo ya aina nyingine. Katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro watafiti walijaribu ePOCT+, programu ya kishikwambi inayomwongoza mtoa huduma anapomtibu mtoto. Anaingiza dalili moja moja: homa ya siku ngapi, kasi ya kupumua, kama mtoto anakunywa, kipimo kimesema nini. Programu inapendekeza utambuzi na tiba. Vituo vilivyopewa programu vilipewa pia kifaa cha kupima oksijeni mwilini na vipimo vingine vichache vya haraka, kwa hiyo sifa zote haziwezi kwenda kwenye programu pekee. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2024, yalikuwa haya: katika vituo vya kawaida asilimia 70 ya watoto wagonjwa waliandikiwa antibayotiki, penye ePOCT+ ilikuwa asilimia 23, na watoto hawakuonekana kudhurika zaidi.

Pale dalili iliandikwa kwa sababu ilikuwa na kazi ya kufanya papo hapo, mgonjwa akiwa bado kwenye kiti. Aliyeandika kasi ya kupumua alipata jibu la kasi hiyo. Homa yenye kipimo hasi ilikuwa na njia yake ya kufuata, bila kulazimika kujificha nyuma ya jina la malaria. Na kwa kuwa kila kitu kiliingizwa kama data, majumuisho ya mwezi yangeweza kutoka yenyewe, kwa ICD au kwa mistari ya MTUHA, bila mtu kukaa na taa kuhesabu vijiti. Tanzania ina GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kuendeshea hospitali, kwenye hospitali nyingi za umma na baadhi ya vituo vya chini, Kenya inasambaza mifumo yake chini ya sheria ya 2023, na katika zote mbili uamuzi wa nini kitatokea kwenye skrini ya tabibu, na kwa lugha ipi, bado unafanywa hivi sasa. Mara nyingi kwenye meza hiyo kuna mtu wa bima, mtu wa takwimu na mtu wa kompyuta. Tabibu msaidizi wa zahanati, ambaye ndiye atakayebonyeza, angepaswa kuitwa kabla orodha haijafungwa, aulizwe wagonjwa wake husema nini wanapoketi na ni maneno yapi hakuyakuta.